Damu Imerudi, Baba

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya; baba yangu, mkulima wa Bonga, aliendelea kusema tuko Arusha. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa moyo wake, na hospitali ya mbali ililiyeyusha kwa dawa. Siku ya kumruhusu, daktari alinionya: mpaka arudi kliniki, asitembee kupita chooni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Niliketi kando ya kitanda chake nikamweleza bila haraka. Moyo hupata nguvu kwa kuunguza mafuta, na sukari kidogo. Damu ikikatika, moto hufifia. Ikirudi, mafuta huwahi kuungua, nayo hula hewa nyingi. Sukari huishia njiani na kuacha asidi. Nguvu ambayo ingesukuma damu hupotea katika kuisafisha asidi hiyo. Kwa hiyo damu ipo, lakini moyo umezubaa.

"Kumbe damu imerudi?"

"Imerudi, baba. Taratibu tu, utapona."

Nilisema kwa furaha, kama ninavyomtia moyo mwanafunzi aliyepata nusu ya jibu. Nusu hiyo ndiyo aliyoishika.

Wageni wakaanza kuja na pole zao, maharage na kuku. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Siku ya tatu nilimkuta baba njiani, fimbo mkononi, akihema, mzee mwenzake amemshika kiwiko.

"Baba, tulikubaliana nini?"

"Sasa aondoke peke yake kama mwizi?"

"Mwalimu, usimfunge baba yako kama ndama," yule mzee akacheka. "Si umesema mwenyewe damu imerudi?"

Nilipaswa kuwa mkali. Nikacheka nao, nikamwambia baba awe anaishia kwenye ua wa minyaa.

Jumamosi nilikuwa ndani nikisahihisha madaftari. Shangazi alikuja kumwona, akaaga. Nilisikia fimbo ikigonga ardhi, ikafika kwenye minyaa, ikapita. Nikasema nimalize daftari moja.

Shangazi akapiga yowe. Baba alikuwa amekaa kando ya barabara ya Dodoma, midomo imebadilika rangi.

"Hewa haishuki," alisema.

Lori la mahindi lilitupakia. Hatukufika mjini akiwa hai.

Baada ya mazishi niliwasindikiza waombolezaji mpaka barabarani. Walioniuliza ilikuwaje niliwaeleza taratibu: damu ilikuwa imerudi, moyo haukuwa tayari. Nami nilijua hayo siku ile njiani, nikacheka.