Baiskeli ya Kumbeba Mama

Mwanzoni mwa miaka ya sabini goti la Mama lilikataa mlima, na kanisa likawa ng'ambo ya bonde asilolivuka tena. Kila Sabato alijifunga kitambaa chake cheupe, akaketi mlangoni, akausikiliza wimbo ukija na ukungu juu ya majani ya chai, ukija na kupotea. Aliufuata kwa midomo tu, bila sauti. Nyumbani tulikuwa sisi wawili, yeye na mimi, mwalimu mpya mwenye ulimi mkali, na midomo ile iliniuma kuliko goti lilivyomuuma yeye.

Baiskeli za dukani zilikuwa na chuma cha juu ambacho sketi yangu haikupatana nacho, na keria zake zilikuwa za kubebea magunia, si wazazi. Nikaenda Daraja Mbili kwa fundi aliyeunda fremu kwa mabomba na mabaki ya baiskeli zilizokufa, akiziunga kwa shaba juu ya moto wa makaa. Nikamwambia nataka fremu isiyo na chuma cha juu, ndefu kwa nyuma, yenye kiti cha Mama na mahali pa kuegemeza miguu.

"Mwalimu, lazima nione mwenye atakaa," akasema. "Hiyo goti inakunjika mpaka wapi?"

Nikampeleka nyumbani. Msomi mzima, sikumuuliza ameoa wapi! Mama ndiye aliyeuliza, hata kabla ya kumpa kigoda. Fundi akataja ukoo wetu. Hapo Mama akavuta leso usoni, naye fundi akageuka, akashuka njia ya ng'ombe mbio mbio, futi yake mkononi. Kwa chinsoni, heshima yetu ya wakwe, kila mama wa ukoo alikooa ni mama mkwe wake, Mama akiwemo. Hakuruhusiwa kumgusa wala kusimama karibu naye. Nilikasirika, nikasema mila haina goti bovu.

"Wewe hata mkwe hujaniletea," Mama akajibu, "na unanifundisha wakwe?"

Basi nikampima mwenyewe kwa kamba za mgomba, nyonga hadi goti, goti hadi unyayo, fundo kila mahali. Fundi alizipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo akaniita shemeji. Jioni, nikitoka shule, nilipita kutazama mwali wa kijani ukilamba maungio, nikarudi nyumbani nikiota baiskeli inayopita juu ya migomba bila kugusa ardhi.

Baiskeli ikakamilika. Sabato ilipofika, Mama alikaa kwenye kiti chake, goti likatulia. Tukateremka polepole ndani ya ukungu. Kwenye kona ya chini, katikati ya chai, mtu alisimama ametupa mgongo. Nilimtambua kwa mabega. Alikuwa ametoka mbali hivyo kuja kutotazama.

Mama naye alimwona. Nilimsikia akivuta pumzi nyuma yangu, kisha akaimba, kwa sauti ile ya zamani niliyodhani imekwisha, akaimba mpaka tukampita. Mgongo haukugeuka. Kofia tu ndiyo iliyovuliwa. Nililia huku nikikanyaga pedeli.

Siku ya soko nikapita kwake.

"Shemeji, mama alikaa vizuri?"

"Kwani hukusikia?"

Akachochea makaa.

"Nilisikia," akasema. "Lakini wewe uliona. Niambie."