Mama Amekuja Kugonga

Mama yangu hanunui kitu bila kukigonga. Tikiti maji, sufuria, ndoo, hata mlango wa nyumba ya kupanga, vyote hugongwa kwa kifundo cha kidole cha kati, huku ameinamisha sikio na kufumba jicho moja. Siku nilipomleta mchumba wangu nyumbani mara ya kwanza, niliomba Mungu asigongwe. Hakugongwa, lakini aliangaliwa kwa namna ambayo mpaka leo mke wangu hunikumbusha tukikosana.

Tabia hii ilitokana na vyungu. Mama alifundishwa kufinyanga na nyanya yangu huko kwetu magharibi, na alipohamia Eldoret aliuza vyungu sokoni miaka mingi: vya maji, vya mboga, na vya pombe ya busaa kwa wale waliosema ni vya maji. Chungu kizima kikigongwa hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti ya mtu mwenye mafua. Cha mafua Mama hakukiuza hata siku moja. Alikirudisha nyumbani, kuku akatagia ndani. Kuku wetu walilala vizuri kuliko sisi.

Sasa, kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake. Nikiwa mdogo nilikuwa nikigusa udongo, Mama ananifukuza na mwiko. "Wewe mwanaume, nenda uchunge ng'ombe!" Ng'ombe hatukuwa nao. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja mtaa wa Kimumu, na mnyama mkubwa tuliyemjua alikuwa paka wa jirani. Basi nikakaa bila kuchunga wala kufinyanga, nikasoma, nikawa karani, nikapiga mihuri mpaka kidole gumba kikaota sugu. Nilipoacha kazi hiyo na kurudi kwa udongo nilikuwa na mke, watoto wawili na kitambi.

Lakini sikufinyanga vyungu. Ninatengeneza sanamu za udongo. Nyingine zina midomo mitatu, nyingine zina nundu, nyingine zina tundu mahali ambapo chungu chenye heshima zake hakiwezi kuwa na tundu. Mama aliziita "vitu". "Baba, vitu vyako vinaendeleaje?" alikuwa akiniuliza, kama mtu anayeuliza habari za upele.

Nilichotaka kutoka kwake kilikuwa kimoja tu, jiwe. Ni jiwe jeusi la mtoni, ukubwa wa yai la bata, ambalo nyanya aliliokota kabla Mama hajazaliwa. Kazi yake ni kulainisha tumbo la chungu kabla hakijakauka, na kwa kusugua vyungu vya wanawake wawili maisha yao yote, upande mmoja umelika ukawa bapa. Dada zangu hawalitaki. Mmoja ni mwalimu, mwingine ana duka la nguo, na wote wana kucha. Kwa hivyo jiwe lilikaa chini ya kitanda cha Mama, ndani ya mkebe wa majani chai. Niliwahi kuliomba.

"Hili ni la mfinyanzi," akasema.

"Na mimi je?"

"Wewe ni mtu wa vitu." Akacheka mpaka akajipangusa macho na leso. Nilicheka pia, lakini wacha niseme ukweli, iliniuma. Mtu mzima mwenye kitambi, na iliniuma kama mtoto.

Halafu mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mkulima wa huku huku, akachoka na mahindi. Alikuwa na ghala kubwa la mabati kando ya barabara. Akalifagia, akapaka kuta chokaa, akatangaza kwamba sasa ni jumba la sanaa. Hata leo mvua ikinyesha, mle ndani hunuka vumbi la mahindi. Maonyesho ya kwanza akatupa sisi wawili: mimi na sanamu zangu, na rafiki yangu mmoja, mama mmoja kutoka Moiben, ambaye huchora rangi tupu. Hachori mtu, hachori mbuzi. Ni manjano imemkimbilia zambarau, na pinki imekaa katikati inawaamua. Mimi napenda sana kazi yake, na siwezi kukueleza kwa nini.

Mwalimu alipanga kila kitu kwa nidhamu ya shule. Mlangoni aliweka rejista, na ukiingia unaandika jina lako na kuweka tiki kando yake. Kengele ya shule ilikuwa mezani. Ukutani akatundika ubao mweusi, na kwa mwandiko mzuri wa chaki akaandika: USIGUSE.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Watu walikuja wengi, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna chai. Mzee mmoja mwenye viatu vya gamubuti alisimama muda mrefu mbele ya mchoro wa kijani na manjano, mikono nyuma, kisha akamwita mchoraji.

"Barabara iko wapi hapa?"

"Mzee, hakuna barabara. Ni rangi tu."

"Sasa mtu anaingilia wapi?"

Rafiki yangu alifikiria kidogo, akamwonyesha pembe moja ya chini. Mzee akaridhika kabisa, akaenda kutafuta chai.

Ndipo Mama akaingia. Alikuja na akina mama saba wa kanisa lake, wote wamejifunga vitambaa vya kichwa vya rangi moja, kana kwamba ni kwaya. Alipofika kwa rejista akanipa mkoba wake nimshikie ili aweke tiki vizuri. Mkoba ulikuwa mzito chini. Nikaupapasa. Kitu cha mviringo, upande mmoja bapa, kimefungwa kwa hanchifu.

Lilikuwa jiwe. Hilo jiwe halitoki nyumbani! Halijawahi kwenda kanisani wala sokoni. Kama amelibeba mpaka hapa, basi ameamua kwamba leo vitu vyangu akiviona ni vizima, jiwe ni langu. Nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya rejista.

Halafu nikakumbuka sanamu ya katikati.

Ile sanamu ilikuwa kubwa kuliko zote, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza, midomo mitatu, rangi ya samawati inayong'aa. Mwalimu aliisimamisha katikati ya ghala. Ilikuwa na ufa chini, urefu wa kidole. Nilikuwa nimeiharakisha. Eldoret ikiingia miezi ya baridi udongo haukauki, nawe tarehe umeshapewa, kwa hivyo niliiweka karibu na jiko. Ilipotoka kwa tanuri nikauona ufa. Nikasaga kigae, nikachanganya na gundi, nikaziba, nikapaka rangi juu. Macho hayangeweza kuuona. Nilijipongeza, hata. Nani angegonga sanamu?

Mama alianza na ya kwanza mlangoni. Ko! Sanamu ikalia, ngeee. Akafumba jicho, akaitika kwa kichwa, akaenda ya pili.

Mwalimu alimfikia mbio. "Mama, tafadhali. Imeandikwa usiguse."

"Sijagusa, mwalimu. Nimegonga."

Mwalimu alikuwa amejibiwa hivyo na wanafunzi maisha yake yote. Akaenda kuusoma ubao wake tena. Wakati huo akina mama wa kanisa walikuwa wameanza kugonga nao, na wageni walipoona akina mama wanagonga, wakajua ndivyo maonyesho huwa. Yule mzee wa gamubuti aligonga sanamu, akagonga meza, akagonga na fremu ya mchoro. Ghala lote likawa ngeee, ngeee, ngeee. Rafiki yangu alikuwa ameegemea ukuta anacheka bila huruma. Mimi nilikuwa nahesabu. Zilibaki nne. Zikabaki tatu. Ikabaki moja.

Mama aliisogelea ile ya samawati, akainua kidole, na mvua ikanyesha.

Mvua ya Eldoret juu ya mabati si mchezo. Husikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Mama akashusha kidole. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele ya sanamu, mkoba mapajani, akangoja. Mwalimu aliona ni nafasi nzuri ya kutoa hotuba, akapaza sauti juu ya mvua. Tulisikia vipande tu, na kimoja kilikuwa, "Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni!"

"Mimi sijawahi kula gaeni!" Mama akamjibu kutoka kwa kiti. "Niko na sahani!"

Mimi nilikuwa nimesimama kwa dirisha naomba. Haki ya Mungu, niliomba mvua inyeshe mpaka kesho, mto Sosiani ufurike, sote tubebwe. Mvua ikaisha kama bomba lililofungwa.

Ko!

Hakukuwa na ngeee. Kulikuwa na mafua.

Mama akagonga tena, chini kidogo. Akainama, akanusa. Kisha akainua uso akaniangalia, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Mama yangu hamwaibishi mtoto wake mbele za watu, hungoja mfike nyumbani. Aliukaza mkoba kwapani, akaenda kuuliza kama chai bado iko.

Ingeishia hapo kama si daktari wa meno. Huyu alikuwa mwanamke mmoja mchangamfu mwenye kliniki yake mjini, na alikuwa ameipenda sanamu ya samawati tangu aingie. Kumbe pia alikuwa anamfuata Mama nyuma nyuma.

"Mama, kazi yetu ni moja," akamwambia. "Hata mimi hugonga jino kujua kama ni bovu. Sasa niambie, hii ya katikati inasemaje? Nataka kuinunua."

Watu wakasogea karibu. Mama akapuliza chai yake.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi ni mgeni hapa."

Wote wakanigeukia. Nakuambia, nilikuwa na uongo wa kutosha mdomoni. Ningesema ni aina ya udongo, ningesema midomo mitatu hubadilisha sauti, na daktari angekubali. Lakini ule mkoba ulikuwa pale.

"Ina ufa," nikasema. "Chini, upande huu. Niliuziba na gundi."

Daktari akapiga magoti, akachungulia, akasugua kwa ukucha. "Umeziba vizuri! Kuna madaktari hawawezi kuziba hivi." Akasimama anacheka. "Basi naichukua. Nitaiweka pale wagonjwa wanangojea, niwaonyeshe kwamba kuziba si aibu."

Mama aliweka kikombe chini. "Ati anaichukua?"

"Anaichukua, Mama."

"Na amesikia iko na ufa?"

"Amesikia."

Akatazama akina mama wa kanisa, wakatikisa vichwa pamoja. "Hawa watu wako wanakudekeza," akasema.

Tulirudi Kimumu kwa miguu, tunaruka madimbwi. Niliubeba mkoba wake, nikitegemea. Nilikuwa nimesema ukweli mbele ya watu wote, kwa hivyo kichwani mwangu nilikuwa nimelipia. Tulipofika langoni kwake akanyoosha mkono, nikampa mkoba, akaufungua, akatoa... funguo.

"Mama," nikashindwa kuvumilia. "Na jiwe?"

"Jiwe gani?"

"Nimesema ukweli, si umesikia?"

"Nimesikia. Ukweli nilikufundisha ukiwa na miaka mitano. Ukweli si ufinyanzi, baba." Akafungua mlango. "Ulikausha na jiko."

"Umejuaje?"

"Ufa wa upepo hukaa mdomoni. Ufa wa jiko hukaa chini. Lala salama." Jua lilikuwa bado linawaka.

Nilikasirika, sitaficha. Jumapili sikwenda kwake. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa kibanda changu cha mabati nyuma ya nyumba, napiga udongo kwa hasira, nikasikia mlango unagongwa. Niliujua ugongaji huo. Mama aliingia na gamubuti na mkoba wa kanisani, akakalia mtungi wa plastiki uliopinduliwa, akachukua bonge la udongo, akalivunja, akalitazama.

"Huu una hewa. Anza tena."

Nilianza tena. Nilianza tena mara tatu. Saa nne hivi akafungua hanchifu, akaniwekea jiwe mkononi. Lilikuwa na joto la mkoba. "Sugua. Si hivyo, unapiga pasi? Polepole. Juu kwenda chini." Alinishika kifundo akaniongoza, mkono wake juu ya wangu. Tulipomaliza akalipangusa jiwe, akalifunga, akaenda nalo.

Tangu siku hiyo huja kila asubuhi akishakunywa chai. Hufika na jiwe, huondoka nalo. Na akisugua huongea. Amenieleza mambo ambayo sikuyajua miaka hii yote, kama vile nyanya aliumwa na nyoka akichimba udongo bondeni, akafikisha udongo nyumbani kwanza ndipo akasema ameumwa. Hucheka peke yake. Huniita mjinga mara nyingi kwa siku. Vitu vyangu bado vina tundu, na Mama bado haelewi tundu ni za nini, lakini tundu zote sasa analainisha yeye mwenyewe, akilalamika.

Wiki iliyopita nilikuwa nimefinyanga kitu kirefu chenye midomo miwili. Kilipotoka kwa tanuri Mama alikigonga juu, akakigonga katikati, akakigonga chini. Kililia vizuri kila mahali. Alifumba jicho kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akajipangusa mikono, akachukua mkoba, akasema magoti yanamuuma na amechoka, akatoka.

Niligeuka kuchota maji, nikaliona jiwe. Lilikuwa juu ya meza, katikati kabisa ya hanchifu, na hanchifu imekunjuliwa vizuri pembe zote nne.

Nilikuwa nimelitaka hilo jiwe miaka yote hiyo. Nililichukua, nikatoka mbio na matope mpaka kwenye viwiko, watu wa barabarani wakinishangaa, nikamfikia karibu na kioski cha maziwa.

"Mama," nikasema nikihema. "Umesahau jiwe."

Aliniangalia. "Sijasahau."

"Umesahau," nikasema. Nikaufungua mkoba wake, nikalitia ndani, nikavuta zipu. "Kesho utakuja nalo."

Mama alisimama kidogo, ameukumbatia mkoba. Kisha akaanza kutembea, akinung'unika kwamba ni mfinyanzi gani hukimbia barabarani kama kuku, na kwamba kesho nipike chai yenye maziwa, si maji ya jana.