Mama Mmoja wa Barabara ya Kibirizi

Kwenye barabara niliyoijenga mimi, nyuma ya dereva hakuna Kigoma. Kinachochorwa ni kile tu anachokitazama. Akishaipita nyumba, inafutika ili kompyuta ipumue. Ziwa lote la Tanganyika nililifanya ubao mmoja wa bluu. Michikichi ni picha mbili zilizopitana msalaba, ukiitazama vibaya unaona kabisa ni karatasi. Sikusoma sana, kidato cha nne nilikimaliza kwa kubahatisha, lakini kazi hii nilijifunza kwenye video za simu nikaipenda mpaka nikawa naiota. Kwa hiyo mwenye shule moja ya udereva aliponunua kiti chenye usukani, pedali na skrini kubwa, akatafuta mtu wa kumjengea barabara ya kwenda Kibirizi ndani ya hiyo skrini, nilihisi nimeitwa mimi.

"Kompyuta yenyewe kuukuu," alinionya. "Ikikwamakwama wanafunzi watanihama. Ukiifanya hiyo barabara nyepesi, ya Ujiji nayo ni yako."

Sasa, barabara ya Kibirizi utaiachaje bila watu? Asubuhi kina mama wamejaa pembeni na mabeseni ya dagaa. Nikaamua wa kwanza awe mama yangu. Tulicheka sana uani kwetu Katubuka, yeye akitembea huku na huko na beseni tupu kichwani, mimi nikimzunguka na simu, nampiga picha kila upande.

"Naenda wapi sasa?"

"Popote mama, we tembea tu."

"Mwana wanje, na hiki kitenge kilivyopauka! Ungeniambia nivae kile kingine."

Nilimtengeneza kwa upendo, mpaka ule mkono wake unaoshika fundo la kitenge. Alitoka mzuri, ila mzito. Nilipomwongeza mwanamke mwingine mwenye sura yake mwenyewe, picha ikaanza kukwama. Nikaongeza wa tatu, kompyuta ikazima.

"Wa nini wote hao?" akasema mwenye shule. "Mnakili huyo wa kwanza. Mmoja, ajae barabara nzima."

Ndivyo kazi ilivyo. Nakala za mtu mmoja haziichoshi kompyuta. Na akigongwa, kuanguka nako kunakula nguvu, basi apotee tu, atokee tena mbele. Sikuona ubaya. Nilifurahi hata: njia nzima ni mama yangu!

Siku ya kufungua nilimfuata mama nyumbani. Alishawaambia wauza dagaa wenzake kwamba anakwenda kujiona. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nimwone uso wake wakati anajiona.

Kumbe wanafunzi, wengi wao vijana wa bodaboda wanaotafuta leseni ya gari, walishaanza bila sisi. Kelele tulizisikia tangu nje.

"Gonga beseni! Gonga!"

"Kipofu wewe, umemkosa!"

"Pointi kumi! Pointi kumi!"

Mama akapiga hodi. Kijana mmoja akageuka, akamtazama, akaitazama skrini.

"Jamani! Pointi Kumi mwenyewe huyu hapa!" Wakapasuka kwa kicheko. "Shikamoo mama. Tumekugonga sana leo, utusamehe."

Mwenye shule naye alicheka, huku akimvutia kiti. Mama akakaa, mikono mapajani. Yule wa kwenye usukani hakusimama; nadhani alitaka kumwonyesha anavyojua. Akatoka kwenye lami, akampitia. Mama akapotea, akatokea mbele. Akampitia tena.

"Huyu ni mimi?" mama akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa kule?"

"Ni wewe."

"Mbona haanguki?"

"Kuanguka kunaielemea kompyuta."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei.

Nikamwomba mwenye shule, mbele ya wote, nimtoe.

"Mtoe," akasema. "Ila barabara tupu haimfundishi mtu. Leta mwingine. Tumweke mama wa nani?"

Kicheko kikakatika.

"Wa kwangu hapana," akasema yule wa kwenye usukani.

Siku ileile nikamfuta uso yule wa kwenye skrini, nikampa nguo ya kijivu na kichwa laini kama yai. Kompyuta ikawa nyepesi zaidi. Hakuna aliyefurahia kumgonga tena; wanapunguza mwendo, wanapiga honi, wanapita. Mwenye shule akanipa barabara ya Ujiji, na sitadanganya, naijenga kwa furaha.

Lakini mji wetu mdogo, na bodaboda hufika kila mahali. Lile jina lilimtangulia mama mwaloni Kibirizi, pale ufukweni anapouzia dagaa. "Pointi Kumi, pisha mzigo!" wanamwita wapagazi. Mwanzoni alikuwa anageuka kutafuta nani anaitwa. Wenzake waliwakemea wiki ya kwanza, kisha nao wakazoea.

Juzi nilikwenda kumsaidia kuanua dagaa. Akaja mteja juu ya pikipiki, mgeni kabisa, hata injini hakuizima.

"Nimeelekezwa kwa Pointi Kumi. Wanasema dagaa wake hawana mchanga."

Nikafungua mdomo nimwambie hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mama alishasimama, anajipangusa mikono.

"Ndiyo mimi, mwanangu. Nikupimie sado?"