Dagaa Ngazini

Leo tena ngazi za ghorofa letu zinanuka dagaa. Jirani amewaanika juu ya gunia, chini kabisa ya tangazo linalokataza kuweka vitu njiani. Nimechoka kumgongea mlango.

Mama naye alikuwaga hivyohivyo, kule Nyasho. Mvua ikitishia tu, dagaa wote wanahamia ngazini. Majirani walilalamika: "Jamani mama, mtu atavunjika hapa!"

"Kwani ngazi ni ya nani? Piteni pembeni."

Asubuhi moja aliteleza mwenyewe, na ndoo ya maji kichwani. Nikakimbilia kumnyanyua. Mguu ulikuwa umepinda vibaya, lakini bado alinifokea: "Niache mimi! Okota dagaa kwanza, wanalowa!"

Nikaokota mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, naye amelala palepale.