Kikombe Kilichowekwa Mchangani

Jangwa letu lilikuja kwa lori. Ulikuwa mchanga wa kujengea, ule wa manjano, uliomwagwa kwenye shamba moja nje ya Johannesburg na kusambazwa kwa reki mpaka ukapata mabonde na migongo. Juu yake bosi akasimamisha hema jeusi, akatandika mikeka na mito, akaficha taa za umeme ndani ya mitungi, kisha akatangaza mtandaoni kwamba watalii wanakaribishwa kwa jioni ya jangwani: chakula cha Kibedui, kahawa, na nyota. Mpishi wa jangwa hilo nilikuwa mimi, mwanamke wa Tanga, ambaye jangwa sikuwahi kuliona hata kwenye ndoto.

Bosi mwenyewe alikuwa mama wa Kitswana, mzaliwa wa Soweto, aliyefanya kazi hotelini Dubai miaka mingi. Huko aliona wageni wakipakiwa kwenye magari kila alasiri, wakapelekwa mchangani kula na kutazama juu, wakarudi wamefurahi. Akajiambia: nyota kwetu zipo, mchanga unanunuliwa, kilichobaki ni watu. Watu aliotupata ndio sisi.

Bedui wetu alikuwa kaka mmoja wa Bukavu, Kongo. Mchana alilinda geti la shamba, Jumapili aliimba kwaya kwenye kanisa lake mjini, na jioni alivaa kanzu na kilemba, watalii wakapiga naye picha. Mrefu, ndevu zimemkaa vizuri, sauti nzito. Ungemwona ungesema kazaliwa juu ya ngamia. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoa salamu, na alishika upesi. Tatizo lilikuwa sinia. Kila akitaka kuinua sinia la wali na nyama, alipiga kwanza ishara ya msalaba.

"Kaka, Bedui hafanyi hivyo," nilimwambia.

"Sinia iko buzito, dada," akanijibu, na hakuacha.

Tulicheka sana kwenye jangwa lile, na mimi nilikuwa na haja ya kucheka. Mwaka 2015, katika vurugu za kuwafukuza wageni, duka langu la spaza, kiduka cha mtaani kule Soweto, lilivunjwa, wakabeba mpaka rafu. Waliobeba niliwajua, wengine nilikuwa nikiwakopesha mkate. Baada ya hapo nilikaa mjini na binti yangu kwenye chumba kilichogawanywa kwa mapazia, familia tatu, na kila nikisikia kelele barabarani nilizima taa. Kazi ya hema ilipokuja, ilikuja na chumba huko huko shambani, cha matofali, chenye mlango wa chuma na ufunguo wake. Binti akapata shule karibu. Nitasema ukweli, niliupenda ufunguo ule kuliko mshahara. Usiku wa kwanza nililala mpaka jua likanipiga usoni, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho nililifanya lini.

Basi majira ya baridi ya mwaka 2017 wageni wakapungua. Baridi ya kule si mchezo, maji yanaganda kwenye ndoo, na nani ataka kula nje? Jioni moja bosi alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, mkono kwenye kitasa. Akaniambia kuna mtu anayefanya shughuli za harusi, anautaka uwanja wote. Angekuja na wapishi wake, na chumba changu angekifanya stoo.

"Sijamkubalia," alisema. "Lakini mwezi huu usipobadilika, sitakuwa na la kufanya."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtu hasemi hivyo kwa mwenzake huku anashika kitasa cha mlango, kama anayetaka kukimbia. Akaondoka, nami nikakatakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

Siku chache baadaye akarudi mbio na simu mkononi. Kuna familia imeagiza jioni nzima, hema lote wao peke yao. Nikashukuru Mungu. Kisha akaniambia wanatoka wapi: Arabuni, kwenye jangwa lenyewe, wanakimbia joto la kwao. Na mzee wao, baba wa familia, ni Bedui, wa kuzaliwa hemani.

Tukatazamana. Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu mgeni alikuwa anakuja kutuumbua. Bosi alisema wakiandika mtandaoni kwamba sisi ni waongo, hakuna atakayekuja tena, na harusi zitaingia. Kaka wa Bukavu akauliza kama anaweza kuugua siku hiyo. Nikamwambia akiugua nitamuuguza kwa mwiko.

Walifika jua linazama: mzee, mwanawe wa makamo, mke wa huyo mwana, na watoto. Mzee alivaa koti zito juu ya kanzu, soksi nene, na bakora mkononi. Niliwapa salamu ya Kiislamu yenye heshima zote, na nikamwonyesha kibla, maana wakati wa Magharibi ulikuwa umeingia. Alipokwisha kusali aliinama, akachota mchanga, akauachia upite katikati ya vidole. Akazungumza na mwanawe, na mwana, aliyejua Kiingereza vizuri, akatuuliza, "Mzee anauliza, nani analala hapa?"

Bosi alikuwa ameanza kueleza habari za hema na mitungi. Mimi ndiye niliyejibu. "Mimi. Mimi na binti yangu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda kuketi.

Kahawa hutangulia chakula. Niliipika mwenyewe, kwa iliki, nyepesi kama bosi alivyoagiza, ingawa moyo wangu ulitaka ile nyeusi ya kwetu yenye tangawizi. Kaka wa Bukavu akachukua birika, akamwinamia mzee, akammiminia mpaka mdomoni mwa kikombe. Mzee akakitazama kikombe. Akakishusha taratibu, akakiweka mchangani mbele ya magoti yake, akakunja mikono.

Mwanawe alifunika uso kwa kiganja. Hakuna aliyekunywa.

Bosi akatabasamu, lile tabasamu la hotelini, akauliza kama mzee angependa chai. Hapana. Labda juisi? Hapana. Akazima muziki uliokuwa ukipigwa kwenye spika nyuma ya hema. Mzee alikaa vile vile, na kahawa inapoa. Na huku nyama yangu ilikuwa kwenye pipa chini ya ardhi, imefukiwa juu ya makaa jinsi wanavyopika wao, na nyama ya shimoni haingojei mtu mwenye hasira.

"Dada," kaka aliniambia kwa sauti ya chini nyuma ya pazia, "huyu muzee anakasirika juu yangu?"

"Umemjazia kikombe kama unamwagilia mchicha."

"Mi nilijaza juu ya heshima. Kwetu, kumupa mugeni kikombe nusu ni kumutukana."

Nikaionja kahawa. Haikuwa na kosa. Hapo nikapandwa na hasira zangu, zile ambazo mama yangu alikuwa akisema zitanifukuzisha mjini. Niliona la kuvunda halina ubani, kama ni kutuaibisha na atuaibishe kwa mdomo, si kwa kukaa kimya. Nikajifunga leso vizuri, nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Mzee wangu, kahawa ina kosa gani?"

Mwanawe akatafsiri, akasikiliza, akanigeukia. Alionekana kuona haya.

"Kahawa ni nzuri. Kikombe kilijaa mno, kwetu kujaza hivyo ni kumwambia mgeni anywe aende zake, lakini hilo amelisamehe. Anasema mliyempa birika ana uso wa wema." Akakohoa. "Tatizo ni kwamba ana ombi. Desturi ya wazee wetu, mgeni mwenye haja huweka kikombe chini. Hanywi mpaka mwenyeji amwambie, kunywa, umepata."

"Ombi gani?"

"Halisemi kabla. Kwanza anataka neno."

Bosi akasogea. "Mwambie mimi ndiye mwenye mahali hapa. Aseme tu, tutaona."

Mzee akainua bakora, akaniashiria mimi. Mwanawe akasema, kwa upole, "Samahani sana. Anasema mwenyeji ni anayelala hapa."

Nilihisi masikio yananiwaka. Miaka yote niliyokaa Johannesburg niliitwa majina mengi, mengine siwezi kuyaandika, lakini mwenyeji hakuna aliyeniita. Na aliyeniita alikuwa ameketi mbele yangu na ombi nisilolijua. Bosi alinitazama, macho yanasema usithubutu. Nami nilikuwa na hakika ombi ni lipi. Mzee wa watu amekuta Mkongo amevishwa kilemba, mitungi ina balbu, jangwa lina kokoto za simenti. Atataka nini zaidi ya kutuambia tuache kuwachezea watu wa kwao, tufunge hema? Nikitoa neno, nimekitoa chumba changu kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikikataa, nimemfukuza mgeni na kahawa yake haijanywewa, na kesho dunia nzima itasoma. Niliogopa, sifichi. Lakini mgeni mwenye haja, kwetu Tanga pia, humwambii ngoja nifikirie.

"Kunywa, mzee wangu," nikasema. "Umepata."

Alikunywa yote, ilivyopoa, akakitikisa kikombe kidogo, ishara ya kutosheka, na kumrudishia kaka wa Bukavu. Kisha akasema maneno marefu sana, huku akionyesha mikeka, na mwanawe akazidi kuinamisha kichwa.

"Anataka kulala hapa," yule mwana akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa chini. Mchangani. Tangu tufike hajalala. Hoteli yetu iko Sandton, ghorofa ya juu, madirisha hayafunguki. Anasema ni kama kulala ndani ya chupa. Jana tulimkuta amelala bafuni, kwenye sakafu."

Nilicheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa, nikaketi kabisa kwenye mchanga nikacheka mpaka machozi, na kaka wa Bukavu akaanza, na mwisho mzee mwenyewe akacheka, meno yake machache yote nje.

Bosi hakucheka. Alisema haiwezekani, hii ni Johannesburg, wageni huondoka mapema kwa usalama wao, na baridi itamwua mzee, itakuwa kesi.

"Mama," nikamwambia, "mimi nimeshatoa neno."

"Neno la shamba langu."

"Basi ningetoa la shamba la nani?"

Kaka wa Bukavu ndiye aliyetuokoa. Alisema yeye ni mlinzi kwa kazi yake, atakesha na moto, na kama mwizi akija akakuta Bedui wa kweli na wa uongo wako pamoja, atakimbia mwenyewe. Bosi akatazama mchanga, akamtazama mzee, akasema, "Eish. Sawa. Lakini na mimi sitoki."

Tukafukua nyama. Mzee alikula vizuri, akamtuma mwanawe aseme chumvi ni kidogo. Halafu akaomba taa za mitungini zizimwe. Hilo hakuliwekea kikombe chini, aliliomba tu, na bosi mwenyewe akaenda kuzizima. Anga la baridi kule halina vumbi wala wingu. Bosi alizoea kuwaonyesha watalii nyota kwa tochi yake ya kijani, lakini jioni ile tochi ilikaa mfukoni, maana mzee alikuwa amelala chali akilalamika. Nge, nyota zao za Nge, kwao hupita upande wa kusini, hazifiki juu. Hapa zimepanda mpaka katikati ya anga. Alimwuliza mwanawe nani amezipandisha. Watoto wakamcheka. Alifurahi sana, na alikuwa mtu wa kufurahi kwa kulalamika, nami nikamwelewa, kwa kuwa mimi pia ni hivyo.

Mke wa yule mwana na watoto walirudi hotelini na dereva. Nilileta mablanketi yote niliyokuwa nayo na mengine ya binti yangu. Mwana alijiviringisha pembeni ya babaye akitetemeka. Bosi alilala kwenye gari lake, kiti kimelazwa. Mzee alianza kukoroma kabla sijamaliza kukusanya sahani, na alikoroma kama mtu anayelipwa madeni yake.

Asubuhi mikeka ilikuwa na barafu nyembamba. Mzee alikuwa amekwisha kusali, amekaa na kaka wa Bukavu kando ya moto, wanapeana kahawa bila lugha ya kusemezana, kikombe nusu kwa nusu. Aliponiaga aliweka mkono kifuani, akasema maneno mawili tu. Mwanawe hakuyatafsiri, wala sikuuliza.

Gari lao lilipotoka getini, nilirudi shimoni kuchota majivu. Bosi akaja, nywele zimemlalia upande mmoja, akasimama juu yangu.

"Ungejuaje kwamba hataomba jambo baya?"

"Sikujua."

"Na kama angeomba tufunge?"

"Tungefunga, mama. Nilikuwa nimeshamwambia anywe."

Akasukuma jivu kwa ncha ya kiatu. "Yule wa harusi amenipigia simu sasa hivi," akasema. "Nimemjibu."

Koleo lilinisimama mkononi.

"Nimemwambia haiwezekani. Nimemwambia hapa kuna mtu anaishi."

Niliinama nikaendelea kuchota majivu, machozi yananitiririka, na sikuyafuta.