Siku Niliyolisemea Bunge Kule Nyamyumba

Kuna watu wa Nyamyumba ambao hadi leo wakinikuta sokoni Gisenyi hunisalimia, "Bunge, habari yako?", nami huitikia kwa upole, kwa sababu nikinuna watasimulia wao, na wao husimulia vibaya kuliko mimi. Basi acheni niseme mwenyewe jinsi nilivyojiaibisha mbele ya sekta nzima kwa kupenda unadhifu.

Nilikuwa najitolea, kama hadi leo, katika ofisi moja mjini, kwenye chumba cha nyaraka, na sikuwa na cheti cha kazi hiyo wala cha kazi yoyote. Nilizaliwa Tanzania, kwenye ukimbizi, shule nikaiachia njiani, na Kifaransa nilijifundisha tuliporudi, kwa kamusi iliyong'oka kurasa zote za herufi A (hadi leo maneno yanayoanza na A hunitoa jasho). Mtu aliyejisomea mwenyewe huishi kwa hofu kwamba siku moja atakamatwa. Kwa hiyo mimi hupiga mistari kwa rula, na nikikosea herufi moja huandika ukurasa wote upya.

Kazi yangu ilikuwa kupanga kwenye rafu kumbukumbu za Bunge zilizoletwa kutoka Kigali, nyingine za mijadala ya Bunge zima, nyingine za vikao vya kamati, kila neno lililosemwa likiwa limeandikwa na jina la msemaji mbele yake. Kule Tanzania vitabu vya namna hiyo tuliviita hansadi. Wasomaji wake walikuwa panya na mimi.

Sasa, shangazi yangu Kansilda, aliyenipokea tuliporudi, aliolewa Nyamyumba, akabaki mjane na mabinti watatu na shamba la mteremko linalotazama ziwa. Shemeji yake, Anastazi, alidai kwamba kaka yake hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo shamba lirudi kwa ukoo, na konseye, yaani diwani wa sekta, akaitisha kikao Alhamisi ili aamue. Lile shamba ndilo chakula chao, hawana jingine. Siku hizo redio ilikuwa ikisema Bunge linazungumzia urithi wa wanawake, na shangazi akaniambia, "Wewe unashinda na vitabu vya Bunge. Niangalizie wamesemaje."

Nilitafuta siku tatu. Vitabu havikuwa na orodha ya mambo yaliyomo, ilikuwa kufungua ukurasa kwa ukurasa, nikapita kwenye barabara, ushuru wa mpakani, chanjo za ng'ombe, mbunge aliyelalamika kuhusu viti, mpaka siku ya tatu, katika kumbukumbu za kamati moja, nikakuta maneno haya: "Mjane abaki kwenye ardhi aliyoilima na mumewe. Awe amezaa wavulana, awe amezaa wasichana, awe hakuzaa, abaki. Mkono uliolima ndio uvune." Nilisimama katikati ya chumba nikayasoma kwa sauti, nikiwa peke yangu.

Ningepiga fotokopi, lakini mashine ya ofisi ilikuwa inaacha mistari myeusi na mimi karatasi chafu siiwezi, nikaamua kunakili kwa mkono. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza: majina ya wasemaji, na vyeo vyao, na zile nukta mbili, vilikuwa vinakatakata mwandiko wangu, nikajiambia kwamba kilicho muhimu ni maneno, nikayaruka majina yote bila hata kuyasoma. Ukurasa uliofuata sikuufungua, kwa sababu (naona haya kuandika hili) sentensi yangu ya mwisho iliangukia sawasawa chini ya karatasi, ikapendeza.

Alhamisi mchana watu walijaa mbele ya ofisi ya sekta. Nilivaa blauzi niliyoipiga pasi mara mbili, nikasimama, nikasema, "Bunge la nchi limesema," nikasoma. Nilisoma vizuri, nakiri. Wanawake wakapiga makofi, shangazi akafunga kitenge chake upya kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani, na Anastazi, ambaye huuza bidhaa Goma na hupenda kumdhihaki mtu kwa Kiswahili cha huko, akatazama viatu vyake.

Konseye alikuwa mzee mpole aliyewahi kufundisha. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mutoto wangu, umesoma muzuri. Sasa, nani alisema hii maneno?"

"Bunge, mzee."

"Bunge iko na mudomo moja?" Watu wakacheka. Akainua daftari lake. "Mi hapa nikiandika kikao, naandika: fulani alisema hivi, fulani alikatala. Siku nikiandika 'Sekta ilisema', hawa watu watanilalamikia mpaka kaburi. We unaniletea maneno bila watu?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo, nalijua kwa lugha nne. Badala yake nikasema, "Nitaleta kitabu chenyewe," naye akasema sawa, tunangoja.

Basi nikapanda pikipiki hadi mjini, mtunza nyaraka akaniambia kitabu hakijawahi kutoka pale kwa sababu hakijawahi kutakiwa, akanipa, nikakifunga kwenye kanga, na njiani kurudi askari wakatusimamisha. Askari kijana akafungua kanga taratibu sana (siku zile za hofu ya mabomu kifurushi kilichofungwa hakikumfurahisha mtu).

"Nini hii?"

"Maneno ya Bunge."

Akapima uzito wake mkononi. "Yote haya? Na hawajamaliza?"

Watu walikuwa bado wanangoja, tena wameongezeka, kwa sababu habari ilienea kwamba kuna msichana amekwenda kuleta Bunge. Konseye akaniambia nisome tena, safari hii na majina. Nikafungua, na macho yakatangulia mdomo, nikaona, lakini watu wote walikuwa wananitazama, ikabidi nisome: "Shahidi aliyealikwa na kamati, mjane, mkulima: Mjane abaki kwenye ardhi aliyoilima na mumewe..."

Nikafungua ule ukurasa niliouruka. "Mwenyekiti: Tunamshukuru mama kwa maelezo yake. Kamati haijafikia uamuzi. Itaendelea kusikiliza wananchi. Sasa twende tukale."

Anastazi akasema, kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba, "Donc, yaani Bunge ni mumama wa maharagwe."

Walicheka wote. Alicheka konseye, walicheka waliokuwa wamepiga makofi, alicheka hata binti mdogo wa shangazi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe ndiyo iliyokuwa inagombaniwa. Nilihisi nimemnyang'anya shangazi shamba kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

Ndipo shangazi akasimama. Hakuwa anacheka, wala hakuwa amekasirika.

"Ngoja kwanza. Huyo mama, ni mubunge?"

"Hapana, shangazi. Ni mkulima tu."

"Iko na bwana?"

"Ni mjane."

"Na wale wakubwa walimuacha aseme mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na wakaandika?"

"Kila neno."

Akamgeukia konseye. "Bon. Basi na mi niko na maneno. Kama wanasikiliza mujane, wanisikilize na mi."

Anastazi akasema sheria haipo, mila ipo, tuamue leo twende nyumbani. Konseye akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Anastazi, wale iko na magari na vitabu, na hawajamaliza. Mi niko na hii daftari moja. Mi ni nani nimalize leo?" Akaandika, huku akitamka polepole ili wote wasikie: konseye alisema shamba lisiguswe mpaka Bunge liamue, Kansilda aendelee kulima, Anastazi alikataa.

"Andika nilikatala sana," akasema Anastazi.

"Nimeandika sana."

Jumamosi tuliandika barua kwa kamati ile, shangazi akisema, mimi nikishika kalamu. Nilitaka kunyoosha sentensi zake mbili tatu, akaweka kidole juu ya karatasi akasema, "Andika vile nasema," nikaandika hivyo, na jina lake juu kabisa, pamoja na doa moja la wino ambalo sikulifuta (nililitazama sana, lakini sikulifuta).

Jibu halijaja. Labda barua bado iko njiani, labda imo kwenye rafu ya mtu kama mimi. Lakini kila fungu jipya likiletwa kutoka Kigali nalifungua kabla ya chai, nikitafuta jina la shangazi pembeni mwa ukurasa, na maharagwe ya msimu huu kwenye mteremko ule ameyapanda yeye. Mimi nimeapa: sitalisemea tena Bunge, wala shangazi, wala mtu yeyote mwenye mdomo wake.