Barua ya Lulimba Iliyoandikwa Mara Mbili

Tulimzika baba yetu, Isidore, wiki tatu zilizopita. Kaburini mchungaji alisema kwamba marehemu alikuwa mkalimani wa misheni ya Baraka, huku mashariki mwa Kongo, kwa miaka kumi na tisa, kisha akaendelea na sala. Ni kweli, lakini alikuwa mkalimani wa namna gani, hilo halikusemwa. Nataka wajukuu wake walijue.

Baba hakusoma zaidi ya darasa la nne. Kiingereza alikipata jikoni kwa wamisionari, akikoroga supu huku akitega sikio. Alikuwa na daftari ambamo aliandika maneno mawili mawili, kama watoto wa tumbo moja wasiofanana tabia. "Hear" na "listen": la kwanza ni sauti kukufuata hata kama hukuitaka, la pili ni wewe kuifuata sauti. "House" na "home": la kwanza hujengwa kwa matofali, la pili, aliandika, "ni pale Suzanne yuko." Suzanne ni mama yetu. Hakuwahi kumsomea ukurasa huo. Ameuona juzi, na amelia sana.

Kwa sababu ya daftari lile alikuwa mzito wa kujibu, na wagonjwa walimtania.

"Baba Isidore, tumbo inaniuma, na we unauliza inauma namna gani! Sema tu inauma."

"Inachoma ao inakata? Misi atakupa dawa ya kile mi nitasema."

Misi alikuwa mama wa Kiingereza, mmisionari aliyesimamia dispensari na kuwafundisha vijana uuguzi.

Ninavyojua mimi, baba alijibu haraka siku moja tu. Ilikuwa mwaka 1954. Fabien, mwanafunzi wa uuguzi aliyebakiza miezi minne amalize, alikwenda nyuma ya dispensari, ambako mjomba wake Bonaventure, mtunza bustani wa misheni, alikuwa amefunga mbuzi wake. Akafungua mmoja akaondoka naye. Katika ukoo wetu mpwa ana haki hiyo, wala haombi. Mjomba naye ana wajibu wake: kupiga kelele na kumtukana mpwa, majirani wasikie na kucheka. Mjomba akinyamaza ndipo mpwa huogopa, maana hapo amechukiwa. Bonaventure aliutimiza wajibu wake vizuri.

"Mwizi wa kwa dada yangu amefika tena! Kwao banakula majani! Bamukamate, bamufunge kamba moja na mbuzi!"

Misi akatoka mlangoni. Baba alikuwa anapita na sanduku la chupa za dawa, zito, mikono inamuuma.

"Yule mzee anasema nini?"

"Anasema ni mwizi," baba alijibu kwa Kiingereza, akapita na sanduku lake.

Kabla jua halijazama Fabien alikuwa amefukuzwa. Hakubisha. Alifunga vitu vyake akaenda Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu.

Asubuhi Bonaventure alikuja kwetu, hakutaka hata kukaa.

"Isidore, mi nilikuwa nacheka na mutoto wa dada yangu. We umepeleka kicheko yangu kwa Misi kama mashitaka."

Baba hakula siku hiyo. Alipiga magoti kando ya kitanda muda mrefu, kisha akamchukua Bonaventure, wakaenda kwa Misi. Alimweleza yote, pamoja na kosa lake mwenyewe. Bonaventure akaongeza, baba akitafsiri, kwamba kama Fabien angemwomba ruhusa ya mbuzi, yeye angejua kijana hampendi tena. Misi alisikiliza mpaka mwisho. Akaandika barua fupi kwamba Fabien amesamehewa, arudi masomoni, akampa baba aipeleke.

Baba aliisoma akabaki amesimama.

"Kuna nini tena?" Misi aliuliza.

"Misi, umeandika 'forgiven'. Huyo ni mtu aliyekosa, kosa lake likafutwa. Fabien ni 'innocent', hana kosa. Hakuna cha kufuta."

"Isidore, yote yanafika palepale. Anarudi."

"Anarudi, ndiyo. Lakini akirudi na neno hili, kila chupa itakayopotea hapa itatafutwa kwake kwanza."

Misi alimkumbusha kwamba kazi yake ni kutafsiri, si kumsahihishia barua, na kwamba Baraka wapo wengine wanaojua Kiingereza. Baba alikuwa na watoto sita. Bonaventure, ambaye hakuelewa neno hata moja ila aliuona uso wa Misi, alimvuta shati.

"Kamata barua, twende. Mama iko anakasirika."

Baba aliiweka barua mezani, hakusogea. Alisali nini moyoni, Mungu anajua. Mwishowe Misi akachukua karatasi nyingine, akaandika 'innocent'.

Baba alipanda lori mpaka Fizi, akalala kwa ndugu wa kanisa, akaendelea mpaka Lulimba, sehemu kwa gari na sehemu kwa miguu. Alimkuta Fabien ndani ya shimo, matope hadi magotini. Fabien aliisoma barua mara mbili palepale, bila kupanda juu.

"Mujomba ananiita mwizi tangu nilizaliwa, na mi nacheka," alisema. "We umeniita mara moja tu, kwa Kizungu, nikafunga vitu yangu."

"Najua, mwanangu. Sikuja kujieleza. Nimekuja kukuomba unisamehe. Neno 'forgiven' Misi alitaka kukupa we, lakini ni langu, mi ndiye nilikosa."

Fabien akaifuta mikono yake kwenye kaptula.

"Na Misi, yeye amekusamehe?"

"Bado sijamuomba. Nimeanzia kwako."

Fabien akamkabidhi mwenzake koleo, akapanda juu, akauliza lori la Fizi linapita saa ngapi.